Kusoma Barua za Zamani za Nyumbani za Kiajemi: Pa Kuanzia

Kila baada ya muda mtu huleta picha ya karatasi ya kale yenye mwandiko wa Kiajemi, na maswali huwa yale yale. Mbona nimehitimu juzuu zote thelathini na hapa sisomi hata mstari mmoja? Huu ni mwaka gani? Nani anamwandikia nani? Mbona nusu ya barua ni "nijitoe fidia kwa ajili yako", na habari yenyewe siioni? Mwongozo huu unajibu maswali hayo. Unahusu barua za familia za Iran katika enzi ya Wakajari, ukoo wa kifalme uliotawala huko, kuanzia mwisho wa karne ya 18 hadi 1925, kwa kuwa zimesalia nyingi na mtu anaweza kuziona mtandaoni bila kulipa.

Ushike jambo moja kabla ya yote: barua ya nyumbani ni maagizo yaliyovikwa heshima. Fuatilia kilichotumwa, kilichopokewa na kinachodaiwa, nyumba itajifungua yenyewe.

MAHITAJI

Herufi za Kiarabu uzijue vizuri, pamoja na nne zilizoongezwa na Waajemi: پ چ ژ گ. Waliowahi kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu wana faida hapa, maana baadhi yake wamekwisha kukutana nazo.

Kiajemi cha kuanzia kinatosha: vitenzi vya wakati uliopita na uliopo, viwakilishi, na ile "e" inayounganisha nomino na sifa au na mwenye kitu, ambayo husemwa lakini kwa kawaida haiandikwi. Ushairi wa Hafez unaweza kusubiri.

Barua zenyewe utazipata kwenye hifadhi ya kidijitali ya Women's Worlds in Qajar Iran, mradi wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanzishwa na Profesa Afsaneh Najmabadi. Kuna barua, hati za ndoa, picha na vyombo vya nyumbani, na maelezo yake yako kwa Kiajemi na Kiingereza.

Kamusi ziwe mbili. Ya Ali-Akbar Dehkhoda, ya Kiajemi kwa Kiajemi, ni bahari. Ya Steingass ya 1892, ya Kiajemi kwa Kiingereza, imezeeka, na uzee huo ndio faida yake: maneno ya wakati ule yamo. Zote mbili zinatafutika mtandaoni.

Ongeza kigeuzi cha tarehe za Hijria, jedwali la tarakimu za siyaki (nitaieleza hatua ya 6), na daftari lenye safu sita: nani, kitu gani, kiasi gani, kutoka wapi, kwenda wapi, lini. Daftari usilidharau. Kazi yote inaishia humo.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua barua nyepesi.

Usianze na barua iliyoandikwa na karani. Makarani waliandika kwa hati ya shikaste: nukta zinaachwa, herufi zisizopaswa kuungana zinaunganishwa, na neno la mwisho wa mstari linapanda juu ya mwenzake kwa kukosa nafasi. Hapo ndipo aliyezoea msahafu huishiwa pumzi, maana msahafu umetiwa kila nukta na kila irabu. Tafuta barua ya mama, dada au mtoto aliyesoma kidogo. Herufi huwa kubwa na zimeachana, na makosa ya tahajia huwa mengi. Makosa hayo ni msaada mkubwa: aliyeandika kama anavyosikia anakuonyesha matamshi ya nyumbani kwao.

Pia chagua barua yenye muhtasari katika orodha ya hifadhi. Kuangalia jibu mwanzoni si aibu.

2. Pakua picha zote, kisha zungusha karatasi.

Nafasi ikiisha katikati ya karatasi, mwandishi hakuchukua karatasi ya pili. Aligeuza ile ile na kuendelea pambizoni, mara nyingi kwa mshazari, wakati mwingine kichwa chini, hadi akarudi juu karibu na pale alipoanzia. Anza na maandishi ya katikati, yaliyonyooka. Yakikatika, tafuta pambizo ambayo sentensi inaungana nayo, uweke namba kila kipande. Geuza nyuma pia: huko huwa kuna jina la mpokeaji, mhuri, au hesabu ya mtu mwingine kabisa aliyehitaji karatasi siku hiyo.

Angalizo: pambizo ndiyo penye uhondo. Mwandishi alipomaliza yaliyompasa ndipo akakumbuka viatu vya mtoto, deni la muuza nyama, na kwamba shangazi amekasirika. Anayesoma katikati tu anasoma adabu, maisha yanampita.

3. Soma salamu kwa kusudi moja: kujua nani ni nani.

Aliyefundishwa kuandika "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako" hatashangaa kwamba Waajemi nao walikuwa na fomula zao. Juu kabisa utakuta neno "hova", yaani Yeye, Mwenyezi Mungu. Kisha "qorbanat shavam" au "tasaddoqat gardam", zote za kujitoa fidia. Usidhani umegundua barua ya mapenzi. Kaka humwandikia kaka hivyo, na mpangaji humwandikia mwenye nyumba hivyo.

Salamu inakuonyesha ngazi. "Nur-e cheshm", nuru ya jicho, huenda kwa mtoto au mdogo wa mwandishi. "Valedeh" ni mama, "hamshireh" ni dada, "akhavi" ni ndugu yangu wa kiume, "khanom bozorg" mara nyingi ni bibi. Mwanamke anayejinyenyekeza hujiita "kamineh", mwanamume hujiita "bandeh" au "haqir". "Sarkar" humaanisha wewe mheshimiwa, kwa hiyo usilitafsiri kuwa serikali, na "manzel" ndani ya barua ya mume mara nyingi ni mke wake. Mume mwenye adabu hakulitaja jina la mkewe kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa watu.

Lakabu zinazoishia kwa al-Dowleh, al-Saltaneh au al-Moluk ziandike vile vile zilivyo, na usikimbilie kumtambua mtu. Lakabu ilitolewa na mtawala, na mwenyewe akifa iliweza kupewa mwingine, hivyo barua mbili zenye lakabu moja zaweza kuwa za watu wawili. Zilifutwa mwaka 1925, pale sheria ilipotaka kila mtu awe na jina la ukoo.

4. Tafuta tarehe, uipime mara mbili.

Tarehe nyingi ni za Hijria ya mwezi, na miezi hupewa sifa: Rajab al-morajjab, Sha'ban al-mo'azzam, Ramazan al-mobarak. "Ghorreh" ni siku ya kwanza ya mwezi, "salkh" ni ya mwisho. Mwaka huandikwa mara nyingi bila elfu: 310 ni 1310. Kwa makisio ya haraka, zidisha mwaka kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1310 unakupa 1892 na ushee, na kweli ulianza Julai 1892.

Wakati mwingine pana jina la mnyama. Waajemi walitumia mzunguko wa miaka kumi na miwili wenye majina ya Kituruki: sichqan il ni mwaka wa panya, lui il wa joka, yilan il wa nyoka, na kadhalika. Mwaka huo huanza Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya wa Kiajemi, karibu na Machi 21, haufuati Muharram. Kwa hiyo barua ya Rajab 1310 imo katika lui il, na ya Shawwal 1310, miezi mitatu tu baadaye, imo katika yilan il. Mnyama asipolingana na mwezi, basi umekosea kusoma mojawapo.

Nowruz yenyewe ni kipimo kizuri kwa barua isiyo na mwaka. (Makunduchi bado wanaoga mwaka wao, na wengine huuita Nairuzi, kwa hiyo wazo si geni kwetu.) Sikukuu hii hufuata jua, miezi ya Hijria hufuata mwandamo, basi kila mwaka Nowruz husogea siku kama kumi na moja mbele ndani ya miezi hiyo. Barua inayosema "Nowruz imeangukia mwanzo wa Ramadhani" imekupa miaka michache tu ya kuchagua katika kipindi cha karibu miaka 33.

Mitego miwili hapa. Kwanza, mwaka uliochongwa kwenye mhuri ni mwaka wa kuchonga mhuri. Mtu aliweza kuutumia miaka ishirini. Pili, tangu mwisho wa Machi 1925 Iran hutumia rasmi Hijria ya jua. Mwaka 1304 wa mwezi ni 1886 hadi 1887, na 1304 wa jua ni 1925 hadi 1926. Ukiona Farvardin, Mehr au Azar, uko upande wa jua.

5. Windia maneno manne.

Hakuna aya wala vituo, kwa hiyo tafuta viungo vinavyoanzisha habari mpya: "digar anke" (jambo jingine ni kwamba) na "az babat-e" (kuhusu). Kisha tafuta vitenzi viwili: "ferestadam" (nimetuma) na "resid" (imefika), pamoja na kinyume chake "naresid". Viwekee alama kwenye nakala yako kabla ya kujaribu kutafsiri lolote.

Mfano huu nimeutunga mwenyewe kwa mtindo wa wakati ule, haumo katika hifadhi yoyote:

"Az babat-e berenj, do man ferestadam. Zoghal naresid. Digar anke khanom bozorg tab darad."

Kuhusu mchele, nimetuma man mbili (man ni kipimo cha uzito, tazama hatua ya 6). Mkaa haujafika. Jambo jingine, bibi ana homa.

Sentensi tatu fupi, na daftari lako tayari lina mistari mitatu: mchele uliotoka, mkaa unaosubiriwa, mgonjwa ndani ya nyumba. Mkaa ukisubiriwa, fikiria pia baridi. Hivyo ndivyo inavyosomwa.

Angalia na mchukuzi. "Hamel" ni aliyeibeba barua, na "mashub-e fulani" ni kwa mkono wa fulani. Iran iliingia Umoja wa Posta Duniani mwaka 1877, lakini hata baada ya hapo mizigo na barua nyingi zilikwenda na wenye misafara ya nyumbu, mahujaji na jamaa wanaosafiri. Mchukuzi akichelewa, barua nzima huwa malalamiko.

6. Soma kiasi na fedha bila kubahatisha.

Tarakimu kwanza. Za Kiajemi hutofautiana na za Kiarabu kwenye 4, 5 na 6: ۴ ۵ ۶. Sifuri ni nukta au kiduara kidogo, na mwandiko wa haraka huchanganya ۲ na ۳.

Kiasi cha fedha mara nyingi huandikwa kwa siyaki, mwandiko wa mahesabu uliotokana na majina ya namba ya Kiarabu yaliyofupishwa hadi yakawa alama. Huwezi kuukisia kwa akili. Weka jedwali pembeni na ulinganishe alama moja moja. Bahati nzuri, mwandishi mwangalifu hurudia kiasi kile kile kwa maneno.

Fedha za enzi hiyo: tomani 1 ni qeran 10, qeran 1 ni shahi 20, shahi 1 ni dinari 50. Dinari yenyewe ilikuwa ya mahesabu tu, na abbasi ni shahi 4. Basi "tomani tatu na qeran tano" ni qeran 35, au shahi 700.

Uzito: man ya Tabriz ni karibu kilo 3, nayo ina sir 40. Sir ni kama gramu 75, charak ni sir 10, kharvar ni man 100, yaani mzigo wa karibu kilo 300. Man mbili na charak moja za mchele ni sir 90, kilo 6.7 hivi. Angalizo zito: man si moja. Man ya shahi ni mara mbili ya ile ya Tabriz na man ya Rey ni mara nne, na mwandishi hakujisumbua kukueleza kile ambacho mpokeaji anakijua. Tazama mji ulikotoka barua, na uandike "man" bila kugeuza mpaka upate uhakika. Kitambaa hupimwa kwa zar', sentimita 104 hivi, iliyogawanywa gereh 16.

Usigeuze tomani kuwa shilingi za leo. Linganisha ndani ya barua zenyewe: mshahara wa mpishi unanunua mchele kiasi gani? Jibu hilo lina maana zaidi.

Na ukikuta 8642 au 2468 kwenye bahasha, hiyo si bei wala mwaka. Ni hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ina thamani ya namba, ya neno "buduh", kinga ya kuifikisha barua salama. Waliozoea hirizi za pwani wataitambua mara moja.

7. Weka kila kitu mahali pake na msimu wake.

Nyumba ya wenye uwezo ilikuwa na biruni, upande wa wageni na wanaume, na andaruni, upande wa familia. Chini palikuwa na zirzamin, chumba cha ardhini cha kupumzikia joto la kiangazi, na ab-anbar, birika kubwa la kuhifadhi maji. Kitu kikitajwa, jiulize kinakaa upande gani, na nani ana ufunguo.

Msimu nao ni ufunguo. Kiangazi wanakamua abghureh, maji machachu ya zabibu mbichi. Vuli wanatia achari kwenye mitungi, wanakaanga nyama kwa mafuta yake iweze kukaa majira ya baridi, wananunua kuni na mkaa. Baridi ikiingia wanakaa kwenye korsi: meza fupi yenye chetezo cha makaa chini yake na mfarishi mkubwa juu, na watu wa nyumba wameingiza miguu kuizunguka. Karibu na Nowruz barua hujaa vitambaa, washonaji, peremende na kusafisha nyumba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 chai inashika nafasi, na pamoja nayo samova na sukari ya koni iliyotoka nje.

Ziara ya Karbala, Najaf au Mashhad huacha alama zake: nani anabaki na funguo, nani analisha watoto, zawadi gani ziletwe.

8. Watafute wasioandika.

Hatua hii inatuhusu sisi moja kwa moja, na ndiyo wanaoanza huiruka. Barua zilizosalia ni za familia zenye elimu na mali. Ndani yake wamo wapishi, mayaya na watumwa ambao hawakuandika neno. "Kaniz" ni mjakazi mtumwa, "gholam" ni mtumwa wa kiume, "khajeh" ni towashi. Watu weusi wa nyumbani waliitwa pia "dadeh", mwanamke, na "kaka", mwanamume. Baadhi waliitwa Habashi kwa asili ya Ethiopia, wengine Zangi au Bambasi, jina linalotokana na Mombasa. Hawa wa mwisho walivushwa kutoka pwani yetu kupitia Zanzibar na Muscat hadi bandari za Ghuba kama Bushehr. Mohammad Shah alipiga marufuku uingizaji wa watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1848, biashara ikaendelea hata hivyo, na utumwa ulifutwa kwa sheria ya bunge mwaka 1929.

Majina kama Yaqut, Almas, Mobarak au Za'faran, ya vito, baraka na viungo, mara nyingi yalitolewa na wenye nyumba. Yanapotokea, yaandike kwenye safu ya "nani", hata kama mwandishi wa barua kamtaja mtu huyo kati ya mchele na kitambaa. Na ikisema "kaniz", usitafsiri "mtumishi". Kulainisha neno hapo ni kumfuta mtu mara ya pili. Lakini "dadeh" peke yake haitoshi kuthibitisha utumwa, kwa kuwa yaya huru naye aliweza kuitwa hivyo. Tafuta ushahidi wa pili, kama hati ya ndoa inayotaja kaniz ndani ya mahari.

9. Orodhesha magonjwa na tiba.

"Tab" ni homa, "nobeh" ni homa ya vipindi, yaani malaria, "vaba" ni kipindupindu, "abeleh" ni ndui. Utakuta kwinini ("ganeh-ganeh") katika barua moja na moshi wa esfand wa kufukuza kijicho, na istikhara imesema tusimwite tabibu leo. Usichague upande wa kusadiki kwa niaba yao. Andika vyote.

10. Tafsiri mwisho kabisa.

Tumia Kiswahili cha barua, chenye heshima yake, na fupisha fomula kwa mabano: [salamu ndefu]. Neno usilolisoma liwekee [...]. Karibu na tafsiri andika namba ya hati katika hifadhi na upande wa karatasi, ili mwingine aweze kukukosoa.

UKIKWAMA

Neno moja halisomeki kabisa. Liache, endelea. Mwandishi hurudia maneno yake, na mahali pengine atakuwa ameliandika wazi zaidi. Kata picha za "ast", "shod", "ke" na "ferestadam" za mwandishi huyo uzibandike kwenye ukurasa mmoja, iwe alifabeti yake binafsi. Kumbuka kwamba "gaf" mara nyingi hukosa mstari wake wa pili ikafanana na "kaf", na "sin" huvutwa ikawa mstari mtupu.

Neno halimo kwenye kamusi. Jaribu tahajia nyingine ya sauti ile ile: sin kwa sad, te kwa ta, ze kwa zal. Au tenganisha "be" iliyogandishwa mwanzoni mwa neno.

Mwandiko unabadilika katikati. Huenda mama alimwambia karani aandike, kisha akachukua kalamu mwenyewe na kuongeza mistari miwili mibovu mwishoni. Mistari hiyo isome kwanza. Kwa barua ya kuandikiwa, usidai kwamba umesikia sauti ya mwanamke huyo moja kwa moja; karani alipita katikati.

Hujui nani kaandika. Sahihi huenda isiwepo. Tazama mhuri nyuma, na wanawake nao walikuwa na mihuri yao. Kisha tazama anamwitaje mpokeaji na anasalimia nani kwa majina. Aliyeachwa kwenye orodha ya salamu za mwisho aghalabu ni mwandishi au mpokeaji mwenyewe.

Barua haina habari yoyote. Umeangalia pambizo? Umegeuza nyuma? Kama bado ni salamu tupu, basi ilitumwa pamoja na kitu, na kitu ndicho kilichokuwa habari. Tafuta "ersal shod", imetumwa, na neno linaloitangulia.

Kiasi kinaonekana kikubwa mno. Ama umesoma tomani mahali pa qeran, ama ni man ya mji mwingine, ama mpokeaji analisha watu thelathini. Hesabu majina kwenye salamu za mwisho kabla ya kuamua.